Kumwasili kiroho mtoto aliye tumboni: mwongozo wa sala ya miezi tisa, nyumbani na katika jumuiya

Ibada ya kumwasili mtoto kiroho, yaani kumfanya wako kwa njia ya sala, ni rahisi kuieleza. Mwamini anaahidi mbele ya Mungu kwamba kwa miezi tisa, kila siku, atamwombea mtoto mmoja ambaye mimba yake iko katika hatari ya kutolewa. Hajui mtoto huyo ni nani, mama yake ni nani, wala yuko nchi gani. Mungu ndiye anayejua. Kila siku anasali tendo moja la Rozari, yaani fungu moja la Salamu Maria kumi, na sala fupi, na akitaka anaongeza azimio moja la maisha. Sala fupi inayotumika zaidi inatokana na Askofu Mkuu Fulton Sheen wa Marekani (1895–1979). Utaratibu wa kuweka ahadi ya miezi tisa ulienea hasa baada ya mwaka 1987, ulipoanza katika kanisa la Mapadre Wapaulini huko Warszawa, Poland.

Kuidumisha ndiko kugumu. Wengi huanza kwa moto, wakapoa mwezi wa tatu. Wengine hudumu katika kusali, lakini midomo yao inamfukuza kanisani binti yuleyule ambaye huenda ndiye wanayemwombea. Mwongozo huu unagusa mambo yote mawili: namna ya kusali ili ufike mwisho, na namna ya kuishi ili sala isipingwe na matendo yako.

Uchague lini kuanza

Siku inayofaa kuliko zote ni Machi 25, Sherehe ya Kupashwa Habari Bikira Maria, kwa sababu kutoka hapo hadi Noeli ni miezi tisa kamili. Ukihesabu siku ya kwanza na ya mwisho unapata siku 276, yaani matendo 276 na Salamu Maria 2,760. Kanisa linamtazama Yesu akichukuliwa mimba Machi na kuzaliwa Desemba, nawe unatembea na mtoto wako katika muda huohuo.

Angalia kalenda ya liturujia kabla ya kutangaza tarehe. Machi 25 ikiangukia Juma Takatifu au Oktava ya Pasaka (siku nane kuanzia Pasaka), sherehe huhamishiwa Jumatatu inayofuata Dominika ya Huruma ya Mungu, yaani Dominika inayofuata Pasaka. Mwaka 2024 iliadhimishwa Aprili 8, na mwaka 2027, kwa kuwa Machi 25 ni Alhamisi Kuu, itakuwa Aprili 5. Hapo kuna njia mbili: mtu binafsi aanze tu Machi 25 kimyakimya nyumbani, au parokia ingoje siku ya sherehe na kumaliza mapema Januari. Kwa jumuiya tunashauri njia ya pili. Alhamisi Kuu ina mambo yake, na ahadi ikichomekwa pale itamezwa.

Ukikosa Machi, usingoje mwaka mzima. Anza siku yoyote, andika tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Septemba 8, Sikukuu ya Kuzaliwa Bikira Maria, inakupeleka hadi Juni 8. Desemba 28, Sikukuu ya Watoto Mashahidi, inakupeleka hadi Septemba 28.

Yanayohitajika kabla ya ahadi

Kwa mtu mmoja: rozari, kadi ndogo yenye tarehe mbili na sala, na saa maalumu ya kusali. Saa ndiyo muhimu kuliko vyote. Anayesema "nitasali nikipata nafasi" kwa kawaida hafiki Mei. Ifunge sala kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kukumbushwa: kabla ya kuwasha jiko asubuhi, ndani ya daladala ukienda kazini, au mara baada ya kufunga duka. Tendo moja na sala yake huchukua kama dakika tano. Kitandani usiku ni mahali pabaya pa kupangia, maana usingizi hufika kabla ya Salamu Maria ya sita.

Kwa jumuiya au chama kama WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania): zungumzeni na paroko walau wiki tatu kabla. Mwombeni mambo matatu: nafasi ya kutoa maelezo mafupi Dominika moja kabla, kuweka ahadi ndani ya Misa, na zamu ya mapadre kuketi kitubioni jioni ya kuamkia siku hiyo. Hilo la tatu husahaulika, na ndilo lenye matunda mengi, kwa sababu tangazo la ibada hii huwagusa watu waliobeba jambo zito kwa miaka.

Msiandikishe majina ya wanaoahidi. Daftari la majina hugeuka haraka kuwa chombo cha kuulizana nani kaacha. Chapeni kadi, zigawiwe, kila mmoja aende na yake.

Siku ya ahadi

Ahadi inafaa kutamkwa baada ya homilia au baada ya sala ya Komunyo, kadiri paroko atakavyoona. Mnaweza kutumia maneno haya:

*Ee Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, nanyi malaika na watakatifu wote: leo tarehe ... mimi ... naahidi kumwombea kwa miezi tisa mtoto mmoja anayejulikana na Mungu peke yake, ambaye uhai wake uko hatarini. Kila siku nitasali tendo moja la Rozari na sala ya mtoto niliyemwasili. Pamoja na hayo nitatimiza azimio hili: ... Mniombee nidumu. Amina.*

Anayeahidi aelewe anachoahidi. Hii ni ahadi ya ibada na si nadhiri. Nadhiri, kadiri ya Sheria Kanoni namba 1191, ni jambo zito lenye masharti yake, na hapa hatuiweki. Semeni hivyo wazi, kwa sababu wapo waamini wema watakaoteswa na dhamiri wakisahau siku moja.

Watoto wa Kipaimara na vijana washirikishwe kwa ridhaa yao. Mtoto mdogo anaweza kusali Salamu Maria tatu badala ya kumi. Wazazi wasimwahidie mtu mzima kwa niaba yake.

Sala ya kila siku, hatua kwa hatua

Fanya Ishara ya Msalaba. Taja tendo unalolitafakari. Nyamaza kidogo, kiasi cha pumzi tatu. Sali Baba Yetu moja, Salamu Maria kumi, Atukuzwe Baba moja, kisha "Ee Yesu wangu, utusamehe dhambi zetu" kama mlivyozoea. Unapofika "na Yesu mzao wa tumbo lako amebarikiwa", usikimbie. Jina la Yesu ndilo moyo wa Salamu Maria, na kwa ibada hii sentensi hiyo ina uzito wa pekee.

Halafu sali sala ya mtoto:

*Yesu, Maria na Yosefu, nawapenda sana. Nawasihi mwokoe uhai wa mtoto niliyemwasili kiroho, ambaye yuko katika hatari ya kutolewa kabla ya kuzaliwa. Amina.*

Basi. Usirundike sala nyingine kumi. Ukiwa na nafasi na hamu, sali Rozari nzima siku hiyo, lakini kipimo cha ahadi kibaki tendo moja. Kumbuka pia kwamba rehema kamili (kuondolewa adhabu zote za dhambi zilizokwisha kusamehewa) inayoambatana na Rozari, inaposaliwa kanisani, katika familia au katika chama cha kiroho, inadai matendo matano mfululizo pamoja na masharti ya kawaida: kitubio, Komunyo, kuombea nia za Baba Mtakatifu, na moyo usioshikamana na dhambi yoyote. Tendo moja halitoshi kwa hilo.

Utafakari tendo gani? Ahadi haikulazimishi. Ila anayechagua upya kila siku huchoka, kwa hiyo tunapendekeza mpango huu wa wiki, unaofuata mgawanyo wa kawaida wa matendo.

Jumatatu, Maria anakwenda kumtazama Elizabeti. Mwombee mama apate mtu wa kumwendea, kwa kuwa mimba nyingi hutolewa mama akiwa hana wa kumwambia.

Jumanne, Yesu anatoka jasho la damu. Ombea saa ya usiku ambayo mama anaogopa na kupiga hesabu peke yake.

Jumatano, Roho Mtakatifu anawashukia Mitume. Ombea madaktari, wauguzi, wakunga na wauza dawa wapate ujasiri wa kukataa wanapoombwa kuua.

Alhamisi, Arusi ya Kana, ambako Maria aliona kilichopungua kabla ya kuambiwa. Ombea mahitaji: chakula, kodi ya chumba, ada, nauli ya kliniki.

Ijumaa, Yesu anachukua Msalaba. Simoni wa Kirene hakujitolea, alishurutishwa, lakini alibeba. Siku hii mwombee baba wa mtoto. Ibada hii ikimsahau mwanamume inakosea, kwa sababu mara nyingi neno lake, "shauri yako", ndilo linaloamua.

Jumamosi, Yesu anazaliwa Betlehemu. Waombee mabinti waliofukuzwa nyumbani wakiwa na mimba, na wazazi wao waliofunga mlango.

Jumapili, Yesu anafufuka. Waweke mikononi mwa Mungu watoto ambao hawakuzaliwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1261, inatufundisha kuwakabidhi watoto waliokufa bila ubatizo kwa huruma ya Mungu.

Kumfuata mtoto anavyokua

Hakuna kinachosaidia kudumu kama kujua mtoto amefikia wapi. Kwa aliyeanza Machi 25, tumieni siku zifuatazo za kalenda, zitangazwe jumuiyani kwa sentensi mbili tatu.

Aprili 25 mtoto ana mwezi mmoja. Urefu wake ni kama nusu sentimita, na moyo wake tayari unapiga. Ulianza siku ya 22 hivi. Siku tatu baadaye, Aprili 28, ni kumbukumbu ya Mtakatifu Gianna Beretta Molla, daktari Mwitalia aliyefariki mwaka 1962, wiki moja baada ya kujifungua binti. Akiwa mjamzito alikuwa na uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, akachagua upasuaji ambao ungemwacha mtoto hai.

Mei 31, Sikukuu ya Bikira Maria kumtembelea Elizabeti, mtoto ana sentimita nne hadi tano kutoka utosini hadi matakoni. Vidole vimeshatengana na viungo vyote vikuu vimeshaanza kuumbika. Someni Luka 1:39–45. Juni 24, Kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji, amefika kama sentimita kumi. Agosti 15, Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni, ana takribani nusu kilo, na kwa kawaida mama keshahisi akicheza. Oktoba 16, kumbukumbu ya Mtakatifu Gerardi Majella anayeombwa sana na wajawazito, amekaribia au amepita kilo moja na nusu. Desemba 12, Bikira Maria wa Guadalupe, amekomaa, na uzito wa kilo tatu hivi ni wa kawaida. Anaweza kuzaliwa siku yoyote.

Jihadharini na kosa moja la hesabu. Kliniki huhesabu umri wa mimba tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ambayo ni takribani wiki mbili kabla ya mimba kutungwa. Mama akisema "nina wiki 12", mtoto wake ana wiki 10 hivi. Anayeeleza jumuiyani akichanganya hesabu hizi mbili, muuguzi aliyeketi kwenye benchi la nyuma atajua, na maneno mengine yote yatapoteza nguvu.

Msionyeshe picha za vijusi vilivyokatwakatwa. Zinawaumiza akina mama ambao mimba zao ziliharibika zenyewe, na waliowahi kutoa mimba wanazidi kujificha.

Azimio la ziada

Azimio si la lazima. Ukiweka, liwe moja, dogo, na linaloweza kuhesabika. "Nitakuwa mpole" haliwezi kuhesabika. "Sitaweka sukari kwenye chai siku za Ijumaa" linahesabika. Yanayofaa ni kama haya: kufunga mlo mmoja Ijumaa, kusoma sura moja ya Injili kila siku, kuacha pombe kwa miezi tisa, kumtembelea mgonjwa au mzee mmoja kila mwezi. Mjamzito, anayenyonyesha, mgonjwa wa kisukari na anayetumia dawa zinazodai chakula wasifunge. Wachague azimio lisilogusa mlo.

Azimio tunalolipenda kuliko yote ni la kibubu. Kutoka Machi 25 hadi Noeli kuna wiki 39 na siku mbili. Mtu akiweka shilingi 500 kila wiki anapata shilingi 19,500. Jumuiya ya familia 15 inapata 292,500. Fedha hiyo inatosha kuandaa vifaa vya kujifungulia kwa akina mama kadhaa: vitenge au kanga, mpira wa kulalia, glavu, pamba, wembe mpya, kibanio cha kitovu, beseni, sabuni, nguo na shuka la mtoto. Kabla ya kununua chochote, mwendeeni muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na mmuulize kinachokosekana. Mara nyingi jumuiya hupeleka nguo za watoto wakati kinachopungua ni glavu na mipira.

Fedha zishikwe na watu wawili, na zihesabiwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi.

Mnapomfahamu mama mwenye hofu

Mwombezi hatafuti kujua mtoto aliyemwasili ni nani. Anayeanza kukisia, "labda ni yule binti wa nyumba ya tatu", ameshaharibu ibada. Katika maombi ya jumuiya, jina la binti yeyote lisitajwe, wala dokezo kama "kuna mmoja hapa mtaani kwetu". Mahali pengi katika jumuiya zetu umbea hupita kwa mlango wa maombi, na binti anayesikia jina lake limefika kwenye Rozari ya jioni hukimbilia suluhisho la siri.

Lakini siku moja mama huyo anaweza kuja kwako mwenyewe. Fuata mpangilio huu. Kwanza msikilize hadi amalize, bila kuuliza "ya nani?". Pili, muulize anaogopa nini hasa. Jibu mara nyingi lina jina: baba yangu, shule, kazi, chumba, yule mwanamume. Tatu, shughulikia hofu hiyohiyo aliyoitaja. Kama ni shule, ajue kwamba Tanzania iliruhusu tangu Novemba 2021 wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi shuleni baada ya kujifungua, na Kenya ina sera ya kuwarejesha tangu mwaka 1994. Kama ni baba yake, msimpeleke peke yake. Aende na shangazi au mama mlezi anayeheshimika katika nyumba ile, na kama hali ni ya hatari apate kwanza mahali pa kulala. Kama mimba imetokana na kubakwa, apelekwe hospitalini haraka na taarifa ifike polisi, dawati la jinsia. Usimwahidi utakachoshindwa kutimiza. Usimwambie "Mungu atatoa" kisha uende nyumbani.

Nne, msindikize kliniki. Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2016, linashauri mahudhurio yasiyopungua manane, la kwanza kabla ya wiki 12. Huko atapimwa damu, virusi vya UKIMWI na kaswende, atapewa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi vya kila siku, na katika maeneo ya malaria atapewa dawa ya kinga kuanzia miezi mitatu ya pili ya ujauzito, pamoja na chandarua. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI anaweza kuzaa mtoto asiye na maambukizi akitumia dawa ipasavyo. Hofu hiyo pia imewafanya wengi watoe mimba bila sababu.

Kila mwanajumuiya ajue dalili za hatari: kutokwa damu ukeni, maumivu makali ya kichwa au kuona maruerue, degedege, kuvimba uso na mikono, homa, maji kutoka kabla ya uchungu, mtoto kupunguza au kuacha kucheza. Hapo hakuna kungoja mwisho wa Rozari. Anapelekwa hospitalini saa hiyohiyo, na wengine wasali huku gari likienda.

Mwanamke anayetokwa damu baada ya kutoa mimba anapelekwa vilevile, haraka vilevile, bila mahojiano. Uhai wake ni mtakatifu kama wa mtoto. Wapo wanaokufa vyumbani kwa kuogopa maneno ya majirani Wakristo.

Jambo jingine lifundishwe vizuri, kwa kuwa huchanganya watu: mama mwenye ugonjwa mzito anaweza kupata matibabu ya lazima yanayoulenga ugonjwa wake, ambayo hayawezi kusubiri, hata kama mtoto atapoteza uhai bila hilo kukusudiwa. Kanisa haliiti matibabu hayo kutoa mimba. Mfano ni kuondoa mfuko wa uzazi wenye saratani. Familia ikikutana na hali hiyo, izungumze na daktari na padre mapema. Isibebeshwe hatia na msimamizi wa jumuiya.

Kwa aliyewahi kutoa mimba au kushiriki

Kwa vyovyote ibada hii itawafikia watu hao. Mwelezeni mtu huyo mambo mawili yaliyo ya hakika. La kwanza: tangu Novemba 2016, kwa uamuzi wa Papa Fransisko, kila padre aliye na mamlaka ya kuungamisha anaweza kumwondolea dhambi ya kutoa mimba. Hahitaji kumtafuta askofu wala kwenda kanisa kuu. Anaweza kwenda parokia ya mbali ambako hajulikani. La pili: mwanamume aliyelipia, mama aliyeshinikiza na mtoa huduma nao wana mlango uleule wa kitubio.

Anaruhusiwa kumwasili mtoto kiroho? Ndiyo, na wengi hupata uponyaji humo. Ila asiifanye kama malipo ya mtoto aliyempoteza, kwa kuwa deni hilo Kristo ndiye aliyelilipa. Aanze na kitubio, kisha ahadi. Akiona usingizi unampotea, huzuni inazidi au anafikiria kujidhuru, apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili pamoja na padre.

Anayeongoza sala achunge maneno yake. "Wauaji" kwenye kipaza sauti humfikia pia mama ambaye mimba yake iliharibika mwezi uliopita na bado anajiuliza alikosea wapi.

Yanayoharibika njiani

Ukisahau siku moja, endelea kesho. Usisali matendo mawili kufidia, maana madeni yakiongezeka utaacha. Ukiacha wiki kadhaa, chagua: ongeza siku hizo mwishoni, au weka ahadi upya kwa tarehe mpya. Ugonjwa ukikushika, sali ile sala fupi peke yake, inatosha.

Ahadi nyingi huvunjika mwezi wa tatu na wa sita. Panga mapema kitu cha kukushika miezi hiyo. Jumuiya inaweza kuandaa saa moja ya kuabudu Ekaristi mwishoni mwa Juni na mwishoni mwa Septemba. Igawanywe hivi: dakika tano za kuweka Sakramenti Kuu na wimbo, kumi za Neno (Zaburi 139:13–16 au Isaya 49:15) na ukimya, ishirini za Rozari, kumi na tano za ukimya mtupu, kumi za maombi na baraka. Ukimya usifupishwe ili kwaya ipate wimbo mwingine. Baraka ya Sakramenti Kuu hutolewa na padre au shemasi tu. Mhudumu asiye wa kawaida wa Komunyo anaweza kuweka na kurudisha Ekaristi, bila kubariki.

Kataeni karatasi na ujumbe wa simu unaosema "tuma kwa watu tisa, usipotuma utapata msiba". Huo ni ushirikina. Vilevile msiuze kadi, maji wala mafuta "ya mtoto wa kiroho".

Na kuna anayeuliza: nitajuaje kama mtoto wangu aliokoka? Hutajua katika dunia hii. Ukiwa mtu wa kudai ishara, ndoto au utabiri, ibada hii itakusumbua.

Ubatizo wa dharura

Kwa kuwa wanaosali sala hii mara nyingi huitwa wodini, walijue na hili. Mtoto aliyezaliwa akiwa katika hatari ya kufa, hata kama ni njiti mdogo sana au ametoka kabla ya wakati lakini yu hai, abatizwe mara moja. Mtu yeyote anaweza kubatiza akiwa na nia ya kufanya linalofanywa na Kanisa. Chukua maji safi ya kawaida, mmiminie kichwani mara tatu huku ukisema: "(Jina), nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Maji yatiririke kwenye ngozi, kupaka kidole chenye unyevu hakutoshi. Yule anayemimina ndiye anayesema. Kisha mpe paroko taarifa ili aandike kitabuni: jina, wazazi, saa, mahali na shahidi.

Akiwa amekwisha kufa, habatizwi. Wazazi wasaliwe, na kama walikusudia kumbatiza, askofu anaweza kuruhusu mazishi ya Kanisa (Sheria Kanoni namba 1183). Mwulizeni paroko kabla ya kuzika. Wengi hawajui kwamba njia hiyo ipo, wakamzika mtoto usiku kama kitu cha aibu.

Kumaliza

Wiki ya kwanza ya Desemba fungueni vibubu, hesabuni, nunueni kadiri ya orodha ya muuguzi mkuu. Muulizeni siku na saa ya kufika wodini, watu wasizidi watano, bila kupiga picha za akina mama wala za watoto wao. Noeli, kila mmoja asali tendo lake la mwisho: Yesu anazaliwa Betlehemu. Ombeni nia ya Misa ya shukrani kati ya Noeli na Desemba 28, na mweke nia hiyo kwenye daftari la ofisi ya parokia mapema Novemba, kwa sababu siku hizo hujaa.

Anayetaka kuasili mtoto mwingine apumzike hadi Machi 25. Aliyeahidi akashindwa mara mbili mfululizo asiweke ahadi ya tatu kwanza. Asali Salamu Maria tatu kila siku kwa mwezi mmoja saa ileile aliyoichagua, na mwezi ukitimia bila kukatika, aanze.